Nyimbo za Saa Moja Jioni

Mei 6
Helikopta imenishusha saa nne asubuhi pamoja na masanduku kumi na moja na madumu sita ya maji. Theluji bado ipo upande wa kaskazini wa nyumba. Panya wamekula kona ya godoro. Nimepanda ngazi ya mnara hadi juu, nimefuta vioo pande zote nane, nimeijaribu redio. Hapa mnara wa Tallow nitakaa hadi katikati ya Septemba, nikitazama msitu na kungoja moshi, na mtu wa karibu kabisa yuko kilomita thelathini na nane magharibi.

Mtu huyo ni Mzee Alphonse Desjarlais wa mnara wa Burdock. Msimu wa thelathini na nne huu kwake, kwangu wa pili. Sijawahi kumwona. Namjua kwa sauti.

Mei 9
Nyuzi nne za joto, mvua ya milimita mbili. Hakuna jipya.

Mei 15
Kinasa sauti cha Mzee Alphonse kimeitafuna kanda yake ya mwisho. Alikuwa na kanda arobaini, nyingi ni za fidla, za watu wa kwao, na kila jioni baada ya taarifa ya saa moja tulipohamia njia ya redio ya mazungumzo nilikuwa nazisikia nyuma ya sauti yake. Leo palikuwa kimya. Nikamwambia mimi nina nyimbo kwenye simu, naweza kuisogeza simu kwenye kipaza sauti cha redio.

Akauliza nina nini. Nikamtajia. Zote anazijua.

"Usinipigie ninachokijua, jirani," akasema. "Nimebakiwa na miaka michache. Sina muda wa kurudia."

Mei 16
Lazima niandike hili kwa sababu linanichekesha na kuniuma. Miaka kumi na tisa niliuza muziki dukani mjini Edmonton. Mtu akiingia nilimtazama viatu, namuuliza maswali mawili, nampa sahani ya santuri ambayo hakuijua na anarudi wiki ijayo kunishukuru. Mwenye duka alipofunga, kwa sababu watu wote wanapata nyimbo kwenye simu, niliapa kwamba mimi sitatafuta muziki mtandaoni maisha yangu yote. Mwaka jana nilikuja huku na nyimbo zangu mia tatu za zamani. Ilipofika Julai nilikuwa nimezichoka kama mtu anavyochoka kikohozi cha mumewe.

Na leo nimesimama kwenye ngazi ya chuma, kidato cha sitini na moja, mkanda wa usalama kiunoni, mkono mmoja juu kuelekea kusini mashariki. Hapo tu ndipo simu inapata mtandao, chini ya hapo hakuna na juu ya hapo hakuna. Wimbo mmoja unachukua dakika arobaini kuingia kwenye simu. Kwa hiyo ni wimbo mmoja kwa siku.

Mei 20
Simu ni kama mhudumu wa hoteli anayekuletea chakula ulichokula jana. Nikiutaja wimbo mmoja inanipa ndugu zake kumi, sura moja, mwendo mmoja. Mzee Alphonse ameukataa wa juzi, wa jana na wa leo. Wa leo alisema unafanana na mtu anayeomba radhi benki.

Mei 27
Nimepata njia. Nimeacha kusikiliza simu inavyopendekeza, nasoma maoni ya watu chini ya nyimbo zisizo na wasikilizaji. Kuna mmoja anayejiita Mama wa Mbuzi. Simjui ni nani wala yuko nchi gani, lakini kila alipoandika neno, wimbo ule una kitu. Namfuata kama mtu anayefuata nyayo kwenye theluji. Leo amenifikisha kwa mwanamke wa pwani ya Labrador anayepiga kodiani jikoni kwake. Wasikilizaji kumi na wanne. Birika linasikika likianza kuchemka, naye anaharakisha amalize kabla halijapiga mluzi.

Nikaupiga saa moja jioni, simu kwenye kipaza sauti. Sauti ilifika Burdock imekwaruzika, najua. Mzee Alphonse akaniambia amesikia vidole vya mwanamke yule vimechoka na hajali, anaendelea. Akaomba tena.

"Ulisema huna muda wa kurudia," nikamwambia.

"Huu sijamaliza kuusikia mara ya kwanza."

Juni 3
Hatuko peke yetu. Leo wimbo ulipokwisha, sauti ya mwanamke iliingia kwenye njia yetu: Shelagh Pruden, mkuu wa kikosi cha wazima moto wanne walioweka kambi mtoni, chini kati ya minara yetu miwili. Anasema wao hukaa kimya kila saa moja, redio juu ya meza, wakinoa mashoka. Alitaka jina la mpigaji. Nikamtajia herufi kwa herufi.

Juni 4 hadi 8
Mvua. Mtandao hakuna. Nimefuma soksi.

Juni 12
Moshi wa kwanza wa msimu, radi ya jana. Niliuona saa nane na dakika kumi. Nikasoma nyuzi za mwelekeo kwenye meza ya duara yenye dira, nikaripoti kituoni: mwelekeo, umbali, rangi. Merrill Oystryk, msimamizi wetu, akamwita Burdock, kwa sababu mnara mmoja unatoa mstari tu, na moto uko pale mistari miwili inapokatana. Mzee Alphonse akatoa wake papo hapo. Kikosi cha Shelagh kilikwenda moja kwa moja, wakauzima ukiwa na ukubwa wa ua wa nyumba.

Juni 23
Wiki hii: wanaume wa mlimani Oaxaca wenye tarumbeta, wote walimu wa shule. Mtoto wa kike anayeimba na mashine ya kushona ikiwa ndiyo ngoma. Mzee mmoja wa Nunavut, kaskazini kabisa, anayeimba karibu sana na kipaza sauti hadi unasikia meno. Shelagh alipenda mashine ya kushona. Mzee Alphonse aliupenda wa meno.

Dukani nilikuwa nafikiri kazi yangu ilikuwa kujua. Huku sijui kitu, na nimefurahi kama sijapata kufurahi miaka mingi. Naamka nikiwaza kidato cha sitini na moja.

Julai 2
Siku ya chakula. Helikopta ilipitia kwanza Burdock, na kwenye redio nilimsikia Mzee Alphonse akimwita rubani kwa jina la rubani wa mwaka jana. Rubani akacheka, akamsahihisha.

Julai 8
Joto nyuzi thelathini na moja. Unyevu asilimia kumi na tisa. Mioto mikubwa iko kaskazini, mbali, lakini moshi wake umetufikia na vilima vimefutika. Merrill anatuambia tufungue macho.

Kuna jambo nimeliona nikalipita, na leo nimelirudia. Katika mioto yote mitano ya msimu huu Mzee Alphonse hajaripoti moshi kwanza hata mara moja. Kila mara ni mimi, kisha yeye. Nilidhani ni adabu, mkongwe anamwachia mgeni nafasi. Nikamwambia hivyo jioni, kumshukuru. Aliniuliza wimbo wa leo ni wa wapi.

Julai 14
Shelagh ameniambia dubu jike na watoto wawili wamezunguka mguu wa mnara wa Burdock saa nzima, wamewaona kutoka helikopta. Nikamuuliza Mzee Alphonse watoto ni wakubwa kiasi gani. Akasema dubu gani.

Julai 19
Radi kavu usiku kucha. Hakuna tone la mvua.

Julai 21
Naandika hii asubuhi ya tarehe ishirini na mbili. Jana sikuweza.

Saa sita mchana nilikuwa juu. Mama wa Mbuzi alikuwa ameandika maneno matatu chini ya wimbo mpya, na niliutoa ngazini mapema nikapanda nao, nikausikiliza kwa spika moja ya sikioni, sikio la kushoto, nikijiambia la kulia linatosha kwa redio. Moshi wa kaskazini ulifunguka kama pazia, na nyuma yake nikaona moshi mwingine, mweupe, unasimama. Nikasoma meza. Nikaandika kwenye daftari. Nikaripoti.

Baada ya dakika nne pazia lilifungwa tena, sikuona kitu.

Merrill akamwita Burdock. Mzee Alphonse akasema naye ameuona, akatoa nyuzi zake. Mistari ilikatana bonde la Kijito cha Mink. Rubani akakuta bonde zima limejaa moshi, kama mabonde yote, akawashusha Shelagh na wenzake kwenye mchanga wa kijito. Walitembea nusu saa wakitafuta moto uliokuwa haupo. Moto ulikuwa bonde la pili, nyuma ya mgongo wa kilima, na saa nane upepo ulipogeuka ulivuka mgongo ule ukawajia kwa nyuma.

Niliyasikia yote redioni. Shelagh hakupandisha sauti. Alimwambia rubani wako wapi, wanakimbilia wapi, mara mbili, polepole. Watatu walifika kijitoni. Wa nne aliteguka mguu kwenye magogo, na Shelagh akarudi kumvuta. Wote wako hai. Mikono ya Shelagh imeungua yote miwili hadi viwikoni. Wamemsafirisha Edmonton.

Jioni nilifungua daftari nijaze taarifa. Nilichoandika kwa mkono wangu ni nyuzi mbili-nne-moja. Nilichosema redioni ni mbili-moja-nne.

Nilikaa sakafuni. Haikunijia yote kwa mara moja. Kwanza niliona kosa langu tu, na lilinitosha. Ndipo nikafikiri: kama moshi ulikuwa mbili-nne-moja, Mzee Alphonse aliona nini kule nilikosema mimi? Hakukuwa na kitu pale. Alisikia nyuzi zangu na umbali wangu, na kwa sababu anaujua msitu huu kwa moyo, kila kijito na kila mgongo, alihesabu kichwani mstari wake ungekuwa upi.

Na mioto mitano ya kwanza alifanya hivyohivyo.

Julai 22
Nimepima hali ya hewa. Sikumwambia mtu.

Julai 23
Saa moja jioni aliniita kama kawaida. Kambi ya mtoni ni tupu, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nayaandika maneno yetu yalivyokuwa, nisije nikajipamba baadaye.

"Mzee Alphonse, juzi uliona nini?"

"Niliona ulichoona wewe."

"Mimi nilikosea. Moshi ulikuwa mbili-nne-moja. Nilisema mbili-moja-nne."

"Jicho la kulia tangu mwaka juzi," akasema. "La kushoto limefuata baada ya Pasaka. Pembeni naona. Katikati pamekaa kitu, kama mtu ameniwekea kidole gumba."

Nikamuuliza alipitaje kipimo cha daktari. Akasema ubao wa herufi wa kliniki ile ni uleule tangu aanze kazi, anaujua kama sala. Hakusema kwa kujisifu. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla ya taarifa ya hali ya hewa, amwambie Merrill. Akaomba hadi Jumapili. Nikakataa. Akaniambia basi nitaje langu tu, namba mbili zilizopinduka, kosa la kibinadamu, watanisamehe, na hakuna atakayemuuliza yeye kitu.

Ni kweli. Hakuna ambaye angemuuliza. Nilikaa na wazo hilo mkononi, na naandika hapa kwamba nililitamani.

"Kuna vikosi vitatu msituni," nikasema.

"Najua kuna nini msituni. Miaka thelathini na nne." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nikishuka hapa, jirani, nashukia wapi?"

Akauliza nimeleta wimbo gani leo. Nikamwambia sina.

Julai 24
Saa moja asubuhi Merrill aliita minara kwa zamu. Burdock: joto kumi na sita, upepo magharibi, anga lina moshi. Sauti yake imara kabisa. Hakuongeza neno. Merrill akasema asante, akaita Tallow.

Nikasema nina jambo kabla ya hali ya hewa. Nikaeleza namba zangu. Nikaeleza na spika ya sikioni, wimbo uliokuwa ndani yake, yote, minara kumi na miwili ikisikiliza. Merrill hakunikatiza. Nilipovuta pumzi nianze sehemu ya pili, Burdock akaingia juu yangu.

"Mwache. Yangu nitasema mwenyewe."

Akasema. Yalikuwa maneno machache kuliko niliyoyatumia mimi. Hakutaja kwamba nilimlazimisha, wala kwamba nilijua tangu jioni ya moto. Merrill akasema, taratibu, "Sawa, Alphonse. Funga vitu vyako."

Julai 25
Helikopta imemchukua saa tano. Iliruka mbali upande wa kusini, sikuweza kuona madirisha. Redioni alisema tu, "Burdock nafunga," kama asemavyo mtu anayekwenda kulala.

Julai 26
Merrill amepiga. Nitamaliza msimu kwa sababu hakuna wa kuweka. Mwakani nisiombe kazi.

Agosti 1
Mvua.

Agosti 4
Mvua. Yule wa Burdock sasa ni kijana anayejua kazi, anatoa nyuzi zake na kunyamaza. Saa moja jioni nazima redio.

Agosti 11
Sijapanda kidato cha sitini na moja tangu siku ile. Kwa kazi napita pale kila siku, lakini simu naiacha nyumbani. Nilikuwa na hasira na wimbo. Nikawa na hasira na Mama wa Mbuzi, mtu asiyejua kama nipo. Kisha nikawa na hasira na Mzee Alphonse, siku nyingi, kwa sababu hiyo ilikuwa nyepesi kubeba. Nilimwona mwongo tu. Leo nikipima unyevu nimekumbuka alivyouliza anashukia wapi, na sikuweza tena kumwona hivyo. Alidanganya, na Shelagh akaungua. Nami nilisikiliza wimbo kazini, na Shelagh akaungua. Sipati mizani ya kunionyesha nani mzito zaidi.

Agosti 19
Nimepanda na simu. Mtandao ulipoingia kulikuwa na ujumbe wa sauti, wa siku nane nyuma.

Ilikuwa ajabu kuisikia sauti yake bila mkwaruzo. Ni ya mzee zaidi. Alisema yuko mji wa High Prairie kwa dada yake, Bernadette. Dada ana mashine ndogo jikoni ambayo unaisemesha nayo inapiga muziki. Ameiambia impigie kitu asichokijua, na siku tisa mfululizo imempigia anachokijua. Kisha nikasikia kiti kikilia.

"Yule mwanamke aliyeungua bado yuko hospitali Edmonton. Nataka kwenda, kabla sijapata sababu ya kutokwenda. Kuendesha gari siwezi. Wewe utakaposhuka, jirani, kama njia yako inapita huku."

Njia yangu haipiti huko. Nimemjibu kwamba inapita.

Agosti 30
Baridi ya kwanza. Majani ya chini yamegeuka njano kwa usiku mmoja.

Septemba 13
Nimefunga vioo, nimetega mitego ya panya. "Tallow nafunga."

Septemba 15
Alikuwa amesimama barazani kwa dada yake, shati jeupe limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji. Ni mfupi. Sauti ile ilinifanya nimjenge mrefu. Nilikuja hadi kwenye ngazi bila kusema, kwa aibu, naye akageuza uso pembeni kidogo, kama ndege, anitafute kwa ukingo wa jicho.

"Umekonda au ndivyo ulivyo?" akauliza.

Bernadette alitufungashia mkate na nyama iliyokaushwa. Safari ya Edmonton ni ya saa nne. Hatukuweka muziki. Baada ya kupita mji wa Slave Lake aliniambia kwamba angekaa kimya siku ile kama nisingeanza mimi, na kwamba anataka nilijue hilo, nisimfikirie vizuri kuliko alivyo. Nikamwambia nilikawia siku mbili. Akaitikia kwa kichwa. Hatukulitaja tena.

Shelagh yuko ghorofa ya tano. Nilimtazamia mwanamke mkubwa, na kweli ni mkubwa, kitanda kinamtosha kwa shida. Mikono yote imefungwa bandeji nyeupe, imelazwa juu ya mito miwili kama vitu vya mtu mwingine. Wamempandikiza ngozi mara tatu. Mzee Alphonse alivua kofia akasema aliyokuja kusema, amesimama. Mimi nikasema yangu. Shelagh alitazama dirishani muda wote. Tulipomaliza aliuliza kama aliyeteguka mguu anatembea. Nikamwambia anatembea, Merrill amenieleza.

"Siwasamehe," akasema. "Labda siku nyingine. Leo hapana."

Mzee Alphonse akasema anaelewa, akaanza kutafuta mlango kwa mkono. Nilimshika kiwiko. Tulikuwa tumeshageuka Shelagh aliposema tena.

"Siwezi kushika simu. Muuguzi ananiwekea nyimbo zilezile tangu Julai. Zilezile. Nikimwambia abadilishe, simu inabadilisha yenyewe kwa nyingine kama zile." Bado alikuwa anatazama dirishani. "Kaeni. Nitafutieni kitu ambacho sijakisikia."

Nilivuta kiti kimoja kwa mzee na kimoja kwangu. Mtandao wa hospitali ni wa haraka, wimbo unafika kabla hujaweka sikio tayari. Nilikwenda kwa Mama wa Mbuzi, na alikuwa ameandika mengi wakati sipo, majuma mazima ya maneno mawili matatu. Nikachagua mmoja, wa mwanamume mwenye gitaa la nyuzi chache, wasikilizaji tisa, nikaiweka simu juu ya blanketi karibu na goti la Shelagh.

Tulisikiliza watatu hadi ulipokwisha. Mzee Alphonse alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisubiri Shelagh aseme.

"Hapana," akasema. "Mwingine."

Nikatafuta mwingine.